Nyaraka za familia zikae salama miaka 30: zipu yenye pasiwedi inatosha?

Kuna dada ameniandikia, nafupisha maneno yake: "Mimi ndo natunza nyaraka za familia, kuna wosia, hati za nyumba, vyeti, majibu ya hospitali ya mzee, alafu kuna mawasiliano yetu na wakili ya miaka mingi. Zote nimeziskani nikazipiga zipu yenye pasiwedi (yaani faili moja la .zip lenye mafaili yote ndani), ziko kwenye flashi mbili, na nakala nyingine nimejitumia kwenye imeili yangu. Nataka zikae salama miaka 30 mpaka mwanangu mdogo awe mtu mzima azikute. Hapo nimemaliza?"

Dada, kwanza hongera, maana wengi nyaraka zao ziko kwenye galari ya simu tu zimechanganyika na picha za sherehe, wewe umeshafikiria mbali. Ila hapana, hujamaliza, na nitaeleza kwa urefu kidogo sababu zake kwa sababu ukizielewa utaweza kujiamulia mwenyewe hata programu nazotaja hapa zikishasahaulika.

Kinachonipa shida ni hiyo miaka 30. Ungesema mwaka mmoja ningekwambia rekebisha vitu viwili basi. Lakini kwa miaka 30 lazima ukubali kwamba kila kanuni ya kusimba (kusimba ni kulichanganya faili kihesabu lisisomeke bila ufunguo) ina umri wake, na anayeitaka siri yako halazimiki kuifungua leo, anaweza akaikopi leo akakaa nayo mpaka kanuni izeeke.

Chukua DES. Ilikuwa kanuni rasmi ya serikali ya Marekani kuanzia 1977, mabenki ya dunia nzima yakaitegemea, ufunguo wake biti 56 (biti ni sifuri au moja, zikiwa nyingi ndo ufunguo unakuwa mgumu kubahatishwa). Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation likatengeneza mashine moja, gharama chini ya dola 250,000, kazi yake kujaribu funguo moja baada ya nyingine tu, na ikaupata ufunguo sahihi ndani ya saa 56. Hiyo ni miaka 21 tangu kanuni itangazwe. Kwahiyo mtu aliyefunga siri yake kwa DES mwaka 1980 akitegemea ikae hadi 2010, miaka 12 ya mwisho alikuwa anaamini kitu ambacho hakipo.

Na hii ya kukopi na kusubiri imeshatokea kweli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wasovieti walikuwa wanatuma telegramu kwa kutumia funguo za matumizi ya mara moja, aina ambayo mwanahisabati Claude Shannon alikuja kuthibitisha kihesabu kwamba ikitumika inavyotakiwa haivunjiki kabisa. Ila mwaka 1942 baadhi ya kurasa za funguo zilichapwa mara mbili, basi, haikuwa tena ya mara moja. Wamarekani walikuwa wanazikusanya telegramu zile, wakaanza kuzifanyia kazi 1943 kwenye mradi uliokuja kuitwa Venona, na mradi haukufungwa mpaka 1980. Watu walikaa na telegramu za wakati wa vita zaidi ya miaka 30 wanazichokonoa, na karibu 3,000 walifanikiwa kuzisoma nzima au vipande. Aliyetuma mwaka 1944 hakuwa na namna yoyote ya kurudi nyuma azifunge upya.

Hapo ndo nataka uelewe tofauti ambayo watu wengi wanaivuka. Faili ulilonalo mkononi unaweza kulifungua na kulifunga upya kwa kanuni mpya kila baada ya miaka kadhaa, kwahiyo hata kanuni ya leo ikianza kuchoka una nafasi ya kuiwahi. Meseji uliyoituma ikapita kwenye nyaya na seva za watu wengine, hiyo imeshatoka, imefungwa vile ilivyofungwa siku ile na itabaki hivo. Nyaraka zinahitaji utunzaji wa kurudiwa rudiwa, mawasiliano yanahitaji uamuzi sahihi kabla hujabonyeza kutuma. Wewe umeviweka vyote kwenye kapu moja.

Kabla ya kugusa programu yoyote kaa chini na kalamu, andika kila aina ya nyaraka, pembeni andika inatakiwa iwe siri hadi lini. Utashangaa majibu yanavyotofautiana. Wosia ni siri mpaka siku unasomwa, baada ya hapo unachohitaji ni watu waamini kwamba haujaguswa. Vyeti vya kuzaliwa siri yake ni ndogo tu, muhimu vionekane vizuri na visipotee. Hati za nyumba hivyo hivyo, na kumbuka hati ya karatasi yenyewe bado inatakiwa itunzwe, skani haichukui nafasi yake. Majibu ya hospitali ndo yenye siri ndefu kuliko yote, maana kama kuna ugonjwa wa kurithi ndani yake basi anayeguswa ni mzee pamoja na wewe, wanao, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Mawasiliano na wakili ni siri mpaka kesi iishe, na mara nyingi hata baada ya kuisha. Ukishaiona orodha hiyo utajua kwamba kuna vitu unavifungia bila sababu na kuna vitu hujavifungia vya kutosha.

Sasa tuje kwenye hiyo zipu yako. Fanya hivi, nenda kwenye kompyuta, libonyeze faili lako la zipu mara mbili ila pasiwedi usiweke. Utaona nini? Utaona wosia_mzee.pdf, utaona majibu_hospitali.pdf, utaona ukubwa wa kila faili na tarehe yake, vyote viko wazi. Zipu ya kawaida inafunga yaliyomo ndani ya mafaili, majina inayaacha nje. Mtu hajui mzee anaumwa nini lakini ameshajua kuna faili la hospitali, lina tarehe fulani, na mara nyingine jina lenyewe limeshamwambia kila kitu.

Na hapo ni kama zipu yako inatumia AES, kanuni iliyochukua nafasi ya DES. Kuna programu bado zinafunga zipu kwa kanuni ya zamani ya ZipCrypto, na hiyo watafiti Eli Biham na Paul Kocher walishaonyesha mwaka 1994 jinsi ya kuivunja. Programu za siku hizi zikipewa baiti 12 tu (kama herufi 12 hivi) za kitu kinachojulikana kilichomo ndani ya mojawapo ya mafaili zinaifungua bila kuhangaika na pasiwedi, na mafaili ya PDF na picha mwanzo wake unafanana fanana kwahiyo baiti hizo si ngumu kupatikana sana. Kwa hiyo achana na zipu. Tumia programu ya 7-Zip kwa fomati ya 7z, chagua AES-256, alafu weka tiki kwenye sehemu ya kuficha majina ya mafaili, ama kama nyaraka ni nyingi tengeneza sanduku la VeraCrypt, programu inayotengeneza faili moja kubwa lililofungwa la kuwekea mafaili mengine. Zote mbili ni za bure, na chanzo cha programu kiko wazi, jambo ambalo kwa miaka 30 nalithamini sana kwa sababu aliyetengeneza akiacha kazi mwingine anaweza kuiendeleza. Ndo ilivyotokea kwa TrueCrypt, programu ya aina hiyo hiyo, wenyewe waliiacha ghafla Mei 2014, lakini VeraCrypt ilikuwa imeshachipuka kutoka kwenye kazi ile ile na watu wakahamia huko.

AES imekuwa kanuni rasmi tangu 2001 na mpaka leo hakuna aliyeivunja kwa njia inayotumika. Hata kompyuta za kwantamu zinazoongelewa sana (aina mpya inayokokotoa kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana), kwa AES ya biti 256 zinaupunguza ugumu mpaka sawa na biti 128 hivi, na huo bado ni mlima. Kwahiyo kwa upande wa nyaraka mimi sina wasiwasi mkubwa na hesabu, wasiwasi wangu mkubwa ni pasiwedi. AES-256 iliyofungwa kwa jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa inafunguka mchana mmoja. Tumia maneno yaliyochaguliwa kwa bahati, usiyachague kwa kichwa, kichwa cha binadamu hakiwezi kubahatisha. Kuna mfumo unaitwa Diceware, una orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano unapata neno moja, unarudia. Kila neno linakupa karibu biti 13 za ugumu, kwahiyo maneno sita yanakupa kama biti 77. Kwa kitu cha miaka 30 mi ningeenda maneno nane, manake utalifungua mara chache kwa mwaka na hakuna haraka ya kuandika.

Mawasiliano sasa, na hapa ndo penye kazi. Kwenye kusimba kuna aina mbili. Ya kwanza ufunguo ni mmoja, anayefunga na anayefungua wanao wote, AES ni ya aina hii. Ya pili kuna ufunguo wa wazi ambao yeyote anaweza kuutumia kukufungia kitu na ufunguo wa siri ulio nao wewe peke yako, na hii ndo inayowezesha watu wawili ambao hawajawahi kukutana kuongea kwa siri mtandaoni. RSA ya mwaka 1977 ni ya aina hii. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye ukubwa wa kutosha itaivunja RSA na ndugu zake wote waliozoeleka. Kompyuta yenyewe ya ukubwa huo haijapatikana bado. Lakini kumbuka Venona, mwenye subira anakusanya leo.

Ndo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianza kutafuta kanuni mbadala mwaka 2016 na tarehe 13 Agosti 2024 ikatoa viwango vitatu vya kwanza, ML-KEM kwa kubadilishana funguo, na ML-DSA na SLH-DSA kwa saini. Huna haja ya kukariri majina, unachohitaji ni kuuliza programu unayoongelea na wakili imeshahamia huko au bado. Programu ya meseji ya Signal iliongeza kinga ya aina hii Septemba 2023, iMessage ya Apple ikafuata 2024. Kwa mazungumzo ambayo yatakuwa siri hata mwaka 2050, tofauti hiyo ni kubwa, na ni rahisi kuipata kuliko watu wanavyodhani, wewe na wakili mnaweka programu moja, basi.

Imeili kinyume chake. Imeili ya kawaida inafungwa njiani tu kati ya seva na seva, ikifika imekaa kwenye seva ya watu ikisomeka, iko kwenye kisanduku chako, iko kwenye zilizotumwa, iko kwa wakili, iko kwenye bekapu za pande zote mbili. Zile ulizoshatuma futa pande zote mbili unavyoweza, itapunguza, ila usijidanganye kwamba umezirudisha. Kuanzia sasa ukilazimika kutuma hati kwa imeili, ifunge kwanza kwa 7z, alafu pasiwedi mpe wakili kwa njia nyingine kabisa.

Kingine kinachosahaulika ni bekapu ya chati. Meseji za WhatsApp zimefungwa mwisho hadi mwisho (wanaosoma ni wanaoongea tu) kwa wote tangu 2016, watu wanajua hilo wanatulia. Lakini bekapu inayopanda mtandaoni kila usiku kufungwa kwake ni hiari, ilianza kupatikana 2021 na inabidi uingie mwenyewe kwenye mipangilio uiwashe. Usipoiwasha, mazungumzo yale yale yaliyosafiri kwa siri yote yanakaa kwenye akaunti ya mtandaoni yakilindwa na pasiwedi ya akaunti tu. Na hata ukiwasha wewe, mwenzako kama hajawasha nakala yake iko vile vile. Mwambie wakili wako awashe, ni swali la heshima kabisa kumuuliza. Na mazungumzo yasiyo na haja ya kuhifadhiwa yawekee muda wa kujifuta, kwa sababu meseji ambayo haipo popote hakuna kompyuta ya mwaka wowote itakayoifungua.

Kuna upande ambao hujauuliza na kwa wosia naona ni mkubwa kuliko siri. Baada ya miaka 30 mwanao atathibitishaje kwamba PDF ile haikubadilishwa neno? Saini ya kidijitali inasaidia, ila nayo inazeeka. Cheti cha kidijitali kinachoonyesha saini ni ya nani kina tarehe ya kuisha, na saini inategemea heshi, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima, ukibadilisha hata nukta moja namba inakuwa nyingine kabisa. Heshi ya MD5 ilivunjwa 2004. SHA-1 mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walitoa PDF mbili zenye mwonekano tofauti lakini heshi ile ile, maana yake mtu anaweza kusaini moja ukamwonyesha nyingine. SHA-256 imesimama mpaka leo. Dawa yake ni muhuri wa muda, kuna huduma zinazoipokea heshi ya faili lako na kuisaini pamoja na tarehe na saa, faili lenyewe hawalioni, na kabla muhuri ule haujachakaa unaomba muhuri mpya juu yake kwa kanuni mpya. Ukichelewa mpaka kanuni ya zamani ivunjike, mlolongo umekatika na huwezi kuuunga tena. Kwa wosia wa mzee mwombe wakili afanye hivyo, na ule wa karatasi wenye wino ubaki mahali pake maana sheria za mirathi sehemu nyingi zinautaka wenyewe.

Kuhusu kusomeka, nakupa mfano mmoja tu. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza mradi wa Domesday kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha 1086 cha Uingereza, kilichoorodhesha ardhi na wamiliki wake, watu zaidi ya milioni walichangia maandishi na picha, vikawekwa kwenye diski maalumu za leza. Haikufika miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu kiasi kwamba watafiti walilazimika kufanya kazi maalumu ya kuziokoa. Kitabu cha 1086 kinasomeka. Kwahiyo hifadhi kwa fomati ya PDF/A, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, kiwango cha ISO tangu 2005, inabeba fonti zake ndani yake. Na ujue PDF/A hairuhusu pasiwedi ndani ya faili lenyewe, kwahiyo kufuli linakaa nje, kwenye 7z au VeraCrypt.

Flashi zako mbili sizikubali kabisa kama hifadhi ya miaka. Flashi inashika data kwa chaji ndogo ndogo za umeme ambazo zinavuja taratibu ikikaa droo bila kuchomekwa. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja iwe mbali na nyumba, na ile ya mbali inaweza kuwa mtandaoni ilimradi umeifunga mwenyewe kabla haijapanda. Kila mwaka fungua moja moja ulinganishe heshi. Hadi disku (hard disk) yenyewe badilisha kila miaka mitano hivi hata kama inaonekana nzima.

Kuna kitu watu wanakosea wakati wa kuhamisha. Ukishafunga upya kwa kanuni mpya, ile nakala ya zamani yenye kufuli dhaifu isiachwe inazurura, maana mwizi ataichukua hiyo. Na kwenye flashi na diski za SSD (zinazohifadhi kwa chipu kama flashi) kufuta hakufuti kweli, kifaa kinahamisha hamisha data chenyewe na vipande vinabaki. Ndo maana kifaa kipya unakisimba chote siku ya kwanza kabla hujaweka faili hata moja, na zile flashi zako za sasa ukimaliza kuhamisha zivunje.

La mwisho ndo linaloniumiza zaidi nikiangalia kesi za watu, kwa sababu familia nyingi zinapoteza nyaraka kwa ufunguo kupotea kuliko kwa mtu kuuvunja. Pasiwedi ya maneno nane iko kichwani mwako, na wewe unaweza kuugua kesho. Mtaalamu wa kusimba Adi Shamir mwaka 1979 alitoa njia ya kugawa siri vipande, mfano vitano, ambapo vyovyote vitatu vikikutana siri inarudi, na viwili peke yake havisemi chochote. Kuna programu za bure zinazofanya hivyo. Ukiona ni ngumu, andika maneno yako nane kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja kwenye bahasha iliyofungwa kwa wakili, nyingine kwa ndugu unayemwamini anayeishi mbali, na wote wawili wasiwe na nakala ya mafaili, ili bahasha ikiibiwa mwizi awe na ufunguo bila sanduku. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika kwa lugha nyepesi nakala ziko wapi, zimefungwa kwa programu gani na toleo gani, na weka faili la kusakinisha programu hiyo kwenye kila nakala, nje ya kufuli.

Alafu mwite mtu mmoja ambaye hajui kompyuta sana, mpe karatasi na disku, wewe kaa kimya pembeni usimwelekeze, uone anafika kwenye wosia au anakwama. Pale anapokwama ndo pa kuandika upya, na jaribio hilo rudia kila ukibadilisha kitu, mwanao akishajua kusoma mpe yeye ndo ajaribu.